Wale Watu Wako wa Alhamisi

Marafa,
9 Juni 2024

Kwa mdogo wangu Linet,

Pokea salamu za huku nyumbani, sote tu wazima. Mvua imetukomesha mwaka huu. Njia ya kwenda bombani ni tope tupu, lakini mahindi yamekubali na siwezi kulalamika. Mke wa Dena alijifungua mtoto wa kike tarehe ishirini na tano mwezi uliopita. Kwa mila amepewa jina langu, kwa hiyo Kahonzi sasa tuko wawili, na huyu mdogo amenishinda kwa sauti. Mwanangu Dena anazunguka kijijini akipokea pongezi kana kwamba aliyezaa ni yeye.

Usishangae kuletewa barua wakati simu zipo. Wiki mbili hizi nimekupigia mara saba. Mara mbili simu ilikuwa imezimwa. Mara tano ilipokewa na mwanamke mwenye sauti ya kutangaza mkutano: "Bwana asifiwe! Dada amepumzika. Nimwambie nani amepiga?" Nani amepiga! Mimi nijieleze kwa mtu nisiyemjua ndipo nizungumze na mtoto wa mama yangu? Ndiyo nikaona niandike, maana barua hapokei mtu kwa niaba ya mwenzake. Sanga wa pikapu anapeleka nyanya Malindi kila Jumatatu. Nimemwagiza akutie hii mkononi, na akikuta umelala akae asubiri.

Sasa niambie, huyo mwanamke ni nani? Nilipotoka hapo Aprili kuja kupanda, nilikuacha na yule msichana wa kukupikia uji, na Bi Shukri mwenye nyumba akaniahidi kukuchungulia asubuhi na jioni. Sikumwacha mtu mwingine. Miezi minne nilikaa hapo Barani. Nilikugeuza kitandani, nikakuosha, nikakusafisha mgongo ule ambao daktari mwenyewe aliutazama akakunja uso. Nadhani nina haki ya kujua ni nani aliyekaa mahali pangu.

Dawa za mwaka mzima za kifua kikuu cha mgongo zinaisha Desemba. Tulikubaliana kwamba zikiisha unarudi nyumbani kukaa, na kile chumba cha upande wa mashariki nimeanza kukikandika upya. Nijibu upesi.

Dada yako,
Kahonzi

*

Barani, Malindi,
30 Juni 2024

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia habari za mtoto. Mpe pole mke wa Dena kwa uchungu, na Dena mpe pole kwa kuchoshwa na pongezi.

Nisamehe kwa kuchelewa. Bado daktari hajaniruhusu kukaa kitako, kwa hiyo naandika nimelala, karatasi juu ya kifua, na baada ya mistari mitano mkono unakufa ganzi. Barua hii imenichukua siku sita. Msichana wa uji hajambo. Bi Shukri anakusalimu, anasema nyumba imepoa tangu uondoke, hakuna tena wa kugombana naye juu ya mahali pa kuanika nguo.

Huyo aliyepokea simu ni Mama Peterson. Anauza nguo za mitumba hapa mtaani, na ndiye kiongozi wa ushirika mdogo wa nyumbani, watu kama kumi hivi, wanaokutana kila Alhamisi alasiri. Mimi sikuwaita. Siku moja ya Mei walikuwa wakiabudu uani kwa jirani, mvua ikawafukuza, wakakimbilia barazani kwa Bi Shukri. Hawakunyamaza. Waliendelea kuimba hapo hapo nje ya chumba changu, nami nilikuwa na maumivu, nikamtuma msichana akawaambie kuna mgonjwa.

Basi akaja mzee mmoja kuomba radhi, mzee Mutuku, zamani alikuwa mpishi wa hoteli. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mwanangu, tusamehe. Hasa mimi. Wenzangu wanaimba, mimi ndiye ninayepiga kelele." Kisha, ili nijue hasa kosa lake ni lipi, akaniimbia ubeti mmoja. Dada, sijawahi kusikia kitu kibaya namna ile. Nilicheka. Nilicheka hadi mgongo ukaniuma, nikawa nalia na kucheka, na wale wengine wakaja mlangoni kutazama kilichotokea. Tangu siku hiyo Alhamisi wanakutania kwangu.

Nitamwambia Mama Peterson asipokee simu. Alidhani ananisaidia.

Mdogo wako,
Linet

*

Marafa,
2 Julai 2024

Linet,

Barua nimeipata Jumatatu na leo Jumanne najibu, uone nilivyo na haraka. Salamu ni zile zile. Mtoto mzima, mahindi mazima, mimi mzima.

Umecheka. Nimelisoma hilo neno mara tatu, kisha nikamwita mke wa Dena anisomee, nikidhani ni macho yangu. Linet, mimi nilikupikia samaki wa nazi nikatoa mwiba mmoja mmoja kwa vidole, hukucheka. Ulipolazwa tena hospitalini Machi nilikusimulia kisa cha mbuzi wa baba mdogo Mwaringa aliyekula barua ya mwaliko wa chifu, wodi nzima ilicheka, hata yule mama aliyekatazwa kutikisika kwa sababu ya mshono, na wewe ukageukia ukutani. Miezi minne nikitafuta meno yako! Halafu anakuja mzee asiyejua kuimba, siku moja tu, unacheka hadi unalia. Kama dawa ilikuwa ni kuimba vibaya si ungeniambia? Marafa nzima hakuna anayeimba vibaya kuliko mimi. Muulize yeyote.

Ninaona wivu, nakuambia waziwazi, sitaki uyasikie kwa Sanga. Hao watu wanakupenda kwa sababu wamekukuta umeshaoshwa. Mimi nilikukuta hujaoshwa. Wao wanakuja Alhamisi saa tisa, wanaimba, wanaondoka saa kumi na moja. Ijumaa ni nani anayekusafisha?

Niambie kitu kimoja tu. Kwa nini hukucheka na mimi?

Kahonzi

*

Barani,
4 Agosti 2024

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Nimechelewa tena, na safari hii si mkono. Nilikuwa sijui niandike nini.

Huku ni upepo tu, vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Habari kubwa ni kwamba Jumapili iliyopita nilikaa kitako dakika kumi, nikiwa nimefungwa ule mkanda wa mgongo. Niliona mti ulio nje ya dirisha kuanzia shina. Kwa miezi minane nimekuwa nikiona matawi tu.

Uliuliza Ijumaa ni nani. Ijumaa ni Mama Peterson. Jumamosi ni mke wa Njenga, fundi baiskeli. Wamegawana. Lakini hilo silo ninalotaka kukuambia, ninataka nikuambie kuhusu zamu.

Katika ushirika huu kila Alhamisi ina mwenyewe. Mwenye zamu ndiye anayeandaa chai, ndiye anayechagua somo, na ndiye anayewaombea wenzake shida zao, mmoja mmoja kwa jina. Mwishoni mwa mwezi wa sita Mama Peterson akafungua daftari lake, akasoma, "Mwezi ujao, Alhamisi ya kwanza, Linet." Nilidhani ananidhihaki. Nikamwambia, mama, mimi ni mgonjwa. Akasema, "Kwani wagonjwa hawanywi chai?" Nilimkasirikia wiki nzima. Hata nilikusudia kumwambia Bi Shukri afunge mlango.

Siku ikafika. Msichana alichemsha maji, nami nikaletewa majani na sukari kitandani nipime kwa mkono wangu. Nilizidisha sukari vibaya sana, mzee Mutuku akanywa vikombe vitatu akisema ndivyo mbinguni wanavyokunywa. Kisha wakaanza kunieleza shida zao. Mzee Mutuku ana mtoto wa jicho, na binti yake hajampigia simu mwaka wa pili huu. Mama Peterson magoti yanamuuma, na ana mambo mengine aliyoniambia mimi tu. Tangu Desemba nilikuwa mtu wa kuombewa, dada, kazi yangu ilikuwa kufumba macho na kuitikia amina. Siku hiyo niliwaombea watu tisa. Nilikosea maneno, nikasahau jina la mke wa Njenga nikamwita "huyu dada wa kilemba cha kijani". Walipoondoka nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Sikuweza kujigeuza kitandani, lakini nilijiona mzima.

Sasa wameniletea kola za kwaya nishone kwa mkono nikiwa nimelala. Fundi cherehani ni fundi, hata akilala.

Kuhusu Desemba tutazungumza.

Linet

*

Marafa,
11 Agosti 2024

Linet,

Huku salama. Wiki hii sikutoka shambani hata siku moja, kazi imenikalia. Kahonzi mdogo ameanza kucheka, na anacheka na mimi.

Nimesoma habari za zamu. Sawa. Mimi nilikuwa sikuruhusu kushika hata kijiko, kumbe nilitakiwa nikupe sufuria. Nilikuwa nakutoa jasho la uso kwa leso yangu mwenyewe, kumbe nilitakiwa nikueleze magoti yangu yanavyoniuma. Nami nina magoti, ikiwa unataka kujua, na yalianza kuuma hapo Barani, kwenye sakafu ya Bi Shukri.

Chumba kimekwisha, nimekipaka na chokaa. Kuhusu Desemba hakuna la kuzungumza. Ulikubali.

Na lile swali langu hukulijibu. Nauliza mara ya pili.

Kahonzi

*

Barani,
25 Agosti 2024

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Natumaini mtoto na mama yake hawajambo.

Unasema hukutoka shambani wiki ile. Alhamisi ya tarehe nane, watu walipokwisha kuondoka, Bi Shukri aliingia chumbani kwangu na kuku aliyefungwa miguu pamoja na kikapu cha mihogo. Akasema, "Dada yako alikuja akasimama langoni. Nikamwambia pita, akasema ana haraka. Alisimama kitambo kizuri kwa mtu mwenye haraka." Wakati huo sisi tulikuwa ndani tunacheka, hata sikumbuki kwa nini. Umetoka Marafa na kuku mapajani, umefika langoni, umesikia sauti yangu, ukageuka. Nilimla yule kuku kwa machozi. Kwa nini hukuingia?

Basi nami nitajibu lako. Nilikataa kulisema, nikidhani litapita lenyewe, lakini umeuliza mara mbili.

Ilikuwa Februari, alasiri. Baba mdogo Mwaringa alikuja kunitazama, kisha mkatoka mkakaa barazani chini ya dirisha langu, mkidhani nimelala. Yeye alisema nikimaliza safari yangu wakati wa mvua gari halitafika Marafa, afadhali nizikwe huku huku Malindi. Wewe ukasema haiwezekani, nitalala karibu na mama, upande wa mkorosho. Ukasema umeshazungumza na Sanga kuhusu pikapu. Mkajadiliana ni nani watakaopika. Ukamtaja hadi mbuzi, dada, yule mwenye doa jeupe.

Kisha ukaingia na uji. Ulikuwa na uso mchangamfu. Ukanilisha, ukanifuta mdomo, nikameza. Tangu siku hiyo kila ulichonilisha nilikiona ni chakula cha matanga yangu mwenyewe. Ulipokuwa ukinisimulia habari za mbuzi wa baba mdogo, mimi nilikuwa nikimfikiria mbuzi mwingine. Ningecheka vipi?

Hawa watu hawakuwa wananijua. Hawakujua kwamba nimeshapangiwa kaburi. Mama Peterson aliandika jina langu kwenye daftari la mwezi unaofuata, na mtu akikupa zamu ya mwezi unaofuata ana maana kwamba utakuwepo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia hivyo. Hata daktari.

Sikulaumu. Lakini umeuliza.

Linet

*

Barani,
29 Septemba 2024

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Sanga anasema amekukabidhi barua yangu mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukaingia ndani bila kumuaga.

Nimeanza kusimama, kwa kushika kitanda. Nilimwomba Mama Peterson akupigie simu akuambie, maana nilidhani habari hiyo ingekufurahisha, na mimi nilikuwa naogopa kukupigia. Anasema ulimshukuru ukakata. Nakuomba uandike hata mstari mmoja, hata kama ni wa matusi.

Linet

*

Marafa,
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Linet,

Salamu. Tumevuna, ghala limejaa upande mmoja. Kahonzi mdogo anakaa peke yake na ana jino. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana mara tatu. Ukiipata ujue nimechoka kuchana.

Ni kweli. Yote uliyoyasikia ni kweli, na mbuzi ni kweli.

Baba mdogo Mwaringa alitaka ulazwe makaburi ya mjini, katikati ya watu usiowajua, ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kwetu wa kupalilia. Nilimpinga mpaka tukaacha kusalimiana, na hadi leo tunapeana mkono kwa shida. Kwangu mimi huko ndiko kulikuwa kukupenda. Niliingia ndani na ule uji nikiwa na fahari. Uliouona ni uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa najiambia, mdogo wangu hatatupwa, mimi ndiye niliyehakikisha. Na wewe ulikuwa umelala pale unasikia kila kitu.

Sasa naelewa. Wale watu wako wa Alhamisi wamekaa hapo wanabishana na mauti. Mimi nilikuwa nabishana na baba mdogo Mwaringa. Nilikuwa nimekwisha kukuzika, Linet, nikabaki nakuosha tu. Huo ndio ukweli na umenikaa kooni tangu Agosti. Nisamehe.

Kuna jingine, ambalo hukulisikia dirishani kwa sababu sikumwambia mtu. Siku ile Mama Peterson aliponipigia kusema umesimama, alikuwa analia kwa furaha. Mimi nilisema asante nikakata, nikakaa juu ya kinu pale nje, na sikufurahi. Nilikasirika. Nilikuona umesimama na mikono ya watu wengine imekushika kiuno. Mimi nisiyejua kuomba, niliyekanyaga kanisani Pasaka mbili tu maisha yangu yote, nilifumba macho nikamwomba Mungu akurudishe kitandani. Si sana. Siku mbili tatu tu, hadi nipate nafasi ya kuja, ili utakaposimama unishike mimi.

Hiyo ndiyo sala ya dada yako. Uliuliza kwa nini sikuingia siku ile ya langoni. Nilisikia kicheko chako na nilikitambua, ni kile cha utotoni, kilichokuwa kikitutia matatani na mama. Nikaona nikiingia kitakoma. Ndiyo maana nilimpa Bi Shukri yule kuku.

Usinijibu kwa huruma. Nijibu kama kawaida.

Kahonzi

*

Barani,
24 Novemba 2024

Dada yangu Kahonzi,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimesoma barua yako nikalia, nikacheka, nikalia. Umeniambia nijibu kama kawaida, kwa hiyo nakuarifu kwamba sala yako ilijibiwa. Wiki ile ile nilianguka nikiwa natoka kitandani kwenda mlangoni, nikalazwa siku mbili. Sikuumia. Lakini siku nyingine uombe kwa uangalifu, inaonekana unasikilizwa.

Mtoto mpe busu. Jino moja linatosha kuanza kuuma watu.

Nimekusamehe. Sijui kama nilikuwa na hasira nawe au na ile siku yenyewe. Kama nisingesikia, ningekufa nikidhani hakuna anayejali nitalala wapi. Nilisikia, na ikaniumiza. Yote mawili ni kweli na siwezi kuyatenganisha, kwa hiyo nimeacha kujaribu.

Eksrei ya mwisho daktari ameiridhia. Dawa zinaisha tarehe kumi na sita Desemba. Natembea na fimbo mpaka dukani. Nimerudi kwenye cherehani saa mbili kwa siku, nashona sare za shule za Januari.

Sasa lile la Desemba. Najua umekandika chumba, najua umepaka chokaa. Sitarudi kukaa, dada. Nitakuja kwa Krismasi, nikae wiki nzima, na nitashuka barabarani nitembee hadi nyumbani kwa miguu yangu ili baba mdogo Mwaringa anione. Lakini nitarudi Barani. Kazi yangu iko hapa na Alhamisi zangu ziko hapa. Kule kwetu kila atakayenitazama atakuwa ananitazama kama mtu aliyerudi kutoka kaburini. Hapa nikichelewa kupeleka kola wananigombeza. Mimi nataka kugombezwa.

Nina ombi moja. Alhamisi tarehe kumi na tisa nitatoa ushuhuda mbele ya ushirika. Watakuja na watu wengine wa kanisa, tutaweka viti uani. Njoo. Njoo mpaka ndani, usikae langoni. Sijakuambia utaupenda ushirika. Nakuambia uje.

Linet

*

Marafa,
22 Desemba 2024

Mdogo wangu Linet,

Nimefika salama, miguu imevimba kidogo. Wote wanakusalimu na wanahesabu siku. Kahonzi mdogo alinikataa kwa muda wa saa nzima kisha akakumbuka mimi ni nani.

Unakuja kesho kutwa na tutaonana, lakini kuna mambo nikiwa mbele yako siwezi kuyasema, kwa hiyo nampa Sanga hii asubuhi aje nayo. Isome kabla hujapanda gari.

Nilikuja Alhamisi nikiwa nimejiandaa kumchukia Mama Peterson. Nilimchukia vizuri tu kuanzia langoni hadi saa tisa na nusu. Alinikumbatia kwa nguvu kupita kiasi. Aliniita "dada yetu". Yetu na nani? Kisha akanishika mkono akanipitisha katikati ya watu wote waliovaa vizuri, akamwinua mtu kwenye kiti cha mbele, akaniambia, "Hapa ni pako, mama. Sisi tulikuja nyuma yako." Nikaketi kama nilivyoambiwa, na mimi unanijua. Mzee Mutuku naye aliniomba niimbe naye sauti ya pili. Tulipomaliza, mke wa Njenga alisema kwa heshima zote kwamba pengine tungenyamaza.

Kaa Barani. Nimesema mara moja na sirudii. Nilivyokuona ukipanga viti, ukimkemea yule msichana kwa vikombe vichafu, ukimwambia Mama Peterson kwamba amechagua somo refu, nimejua kwamba huku ningekulaza tena. Ningekuambia keti, usishike, acha nifanye mimi. Sijui kupenda kwa namna nyingine, bado najifunza. Nitakuwa nakuja, si kila Alhamisi, usiwape moyo.

Lakini nilitaka kuandika juu ya ushuhuda wako.

Ulisimama bila fimbo. Uliwashukuru wote. Ulimshukuru daktari, ukamshukuru Bi Shukri, naye akajifanya anarekebisha buibui asionekane macho. Ulimshukuru mzee Mutuku kwa sauti yake, watu wakacheka. Ulimshukuru Mama Peterson kwa maneno mazuri sana, marefu, yaliyopangika, na kila neno lilinichoma nikawa nalihesabu. Kisha ukasema, "Na dada yangu Kahonzi." Ukanyamaza. Ukaanza tena, "Dada yangu," ukanyamaza. Mtu akasema amina kukusaidia. Haikusaidia. Ukaacha kila kitu, ukaja mpaka nilipoketi, ukakaa chini kwenye mkeka mbele ya wale watu wote, ukaweka kichwa mapajani mwangu ukalia kama siku tuliyomzika mama.

Niseme ukweli, kwa kuwa tumeanza. Kabla sijakushika kichwa niliinua macho nikamtafuta Mama Peterson, nione kama anaona.

Alikuwa anaona. Ndipo nikakushika.

Dada yako,
Kahonzi